Nafasi ya Asagai na Mmea wa Mama Lena: Maswali ya Wasomaji

Kati ya barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu, nne zinahusu tamthilia moja, nami nimeona ni vyema nizijibu pamoja. Tamthilia yenyewe ni A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, iliyofunguliwa Broadway, jijini New York, tarehe 11 Machi 1959, na ambayo vyuo vya Marekani huichagua mara kwa mara hadi leo. Kwa asiyeijua, ni kisa cha familia ya Younger, watu watano wanaobanana katika fleti ndogo upande wa kusini wa Chicago na kuchangia choo na majirani, huku wakiisubiri hundi ya dola 10,000 ya bima ya maisha ya marehemu baba. Mama Lena anatamani nyumba yenye bustani. Mwanawe Walter Lee, dereva wa tajiri, anataka mtaji wa duka la pombe, na binti yake Beneatha anahitaji ada ya kusomea udaktari. Ruth, mke wa Walter, na mtoto wao Travis hawaulizwi sana wanataka nini, na ndiyo maana inafaa kuwatazama kwa makini.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina umri wa miaka 22. Nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa wazazi waliotoka Kongo, na sasa nasoma katika chuo cha jamii, yaani chuo cha miaka miwili, jimboni Ohio. Nilijitokeza kwenye usaili wa waigizaji bila kutarajia lolote, nikapewa nafasi ya Joseph Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria. Tatizo ni kwamba mwongozaji wetu ananiambia kila siku nizungumze "Kiafrika zaidi", nami simwelewi. Nilipendekeza yale maneno machache ya Kiyoruba tuyageuze yawe ya Kiswahili, ambacho angalau nakimudu, akakataa na kusema mkataba hauruhusu. Je, ananionea? Na nitamwigizaje Mnaijeria ilhali sijawahi kukanyaga Nigeria?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kupata nafasi hiyo. Umeuliza mambo mawili ambayo majibu yake ni tofauti, kwa hiyo nitayatenganisha.

Katika suala la mkataba, mwongozaji wako yuko sahihi kabisa. Tamthilia hii bado ina mwenyewe kisheria. Chuo kinapotaka kuionyesha huomba kibali kwa kampuni inayosimamia haki zake, hulipa ada kwa ajili ya maonyesho yatakayofanyika, na hutia saini kwamba matini yatasemwa kama yalivyoandikwa, pasipo kuongeza, kupunguza wala kubadili neno mpaka kwanza ipatikane idhini ya maandishi. Chuo kikikiuka sharti hilo, onyesho linaweza kusimamishwa, na jasho la wiki nyingi la wenzako likapotea bure.

Hata kama mkataba usingekuwapo, bado ningekuomba uyaache maneno hayo yalivyo. Kumbuka kinachotokea kabla Asagai hajaingia: Beneatha anamwonya mama yake asije akamuuliza mgeni maswali ya kipuuzi kuhusu Afrika, na mgeni anapofika, Mama Lena anamkariria karibu yote aliyofundishwa na bintiye dakika chache zilizopita. Watazamaji hucheka hapo, na kicheko hicho kinakuja kwa sababu wanajitambua. Tamthilia inauonyesha wazi ujinga wa kuidhania Afrika kuwa kijiji kimoja chenye lugha moja. Sasa, ukimfanya Myoruba azungumze Kiswahili, utakuwa umeutia ujinga uleule kinywani mwa mhusika pekee ambaye hana ujinga huo. Tena, jina Alaiyo analompa Beneatha ni zawadi: analieleza kuwa ni mtu ambaye chakula peke yake hakimtoshi. Zawadi hiyo ina lugha yake, na ukiitoa katika lugha hiyo itakuwa imekwisha kupoteza nusu ya uzito wake.

Katika hili la "Kiafrika zaidi", lakini, niko upande wako. Lafudhi ya namna hiyo haipo duniani. Wewe na mimi tunaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na mkazo huo tunauhamishia katika Kiingereza chetu bila kujua. Kiyoruba hakina desturi hiyo. Ni lugha ya toni, ya juu, ya kati na ya chini, na neno lenye herufi zilezile hubadilika maana toni inapobadilika. Kwa hiyo Kiingereza cha Myoruba kina mawimbi ambayo Kiingereza chako hakina, na mawimbi hayo hayapatikani kwa kuinua sauti wala kwa kuufanya ulimi mzito. Ninakushauri umwendee mwongozaji kwa adabu, si mbele ya kundi, umuulize: tunamtaka Mnaijeria wa kabila gani, aliyesoma wapi, wa miaka ipi? Huenda akafurahi kuulizwa, kwa maana walimu wengi husema "Kiafrika" kwa sababu tu hakuna aliyewapa neno lililo bora. Kisha mtafute Myoruba mmoja hapo mjini, umwombe akusomee sentensi zako zote taratibu huku simu ikirekodi. Msikilize unapokwenda kazini na unaporudi, mpaka mdomo wako uzoee.

Kuhusu Nigeria usiyoijua, fikiria kwanza unachokijua. Asagai anaingia katika nyumba hiyo asubuhi ya Jumamosi, watu wanafanya usafi, hewa ina harufu ya dawa ya mende, na msichana anayempenda ana bomba la dawa mkononi. Amerudi tu kutoka Kanada na kifurushi kwapani, ndani yake mna vazi la kwao na sahani za santuri. Anacheka anapokumbuka siku walipokutana chuoni, ambapo Beneatha alimwendea akimwambia anataka sana kuzungumza naye kuhusu Afrika kwa kuwa anatafuta asili yake. Wewe uliyezaliwa kambini, katika nchi ambayo si ya wazazi wako, ukakua ukisimuliwa habari za nyumbani ambako hujapata kuishi, unajua vizuri mtu anavyojisikia anapoulizwa swali la asili na mtu anayelitamani jibu kuliko wewe. Unakijua kicheko hicho. Kilete jukwaani kama kilivyo.

Sehemu ngumu ni ile ya mwisho. Fedha za bima zilizosalia zimekwisha kuibwa, Beneatha amekata tamaa, anasema binadamu wanazunguka duara lilelile daima. Asagai anamjibu kwamba si duara bali ni mstari mrefu ambao ncha yake hatuioni, kisha anazungumzia kurudi kijijini kwake na uwezekano wa kuuawa huko na watu wake mwenyewe. Waigizaji vijana huipigia kelele sehemu hii kana kwamba wako kwenye mkutano wa hadhara. Usifanye hivyo. Tamthilia ilipofunguliwa Nigeria ilikuwa bado koloni, uhuru wake ulikuja tarehe 1 Oktoba 1960, kwa hiyo kijana huyu anazungumzia jambo ambalo halijatokea na ambalo huenda asilione likitimia. Mtu huyasema maneno kama hayo kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja aliyeketi karibu naye, katikati ya masanduku ya kuhama.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fasihi, Nakuru. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Marekani ameniambia kwamba katika tamthilia hii Mzee Kenyatta anatajwa kwa jina. Je, ni kweli? Na ni kwa vipi kazi ya mwaka 1959 bado iitwe tamthilia ya kisasa?

JIBU: Ni kweli, mwalimu mwenzangu. Beneatha amevaa lile vazi alilopewa na Asagai, anacheza muziki wa santuri ya Kinaijeria, na kaka yake Walter Lee anaingia akiwa amelewa. Badala ya kumcheka, anaingia katika ngoma, anapanda juu ya meza na kuwahutubia wapiganaji anaowaona yeye peke yake, na hapo ndipo anapomtaja Kenyatta kuwa ndiye mtu wake. Katika onyesho la chuo nililolitazama, kijana aliyeigiza Walter alipanda meza hiyo akiwa bado na kofia ya udereva kichwani. Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza ghafla, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba huyu shujaa wa mezani kesho asubuhi atamfungulia mtu mwingine mlango wa gari.

Mwezi tamthilia ilipofunguliwa, Kenyatta mwenyewe alikuwa angali kifungoni kaskazini mwa Kenya kwa hukumu ya kesi ya Kapenguria ya mwaka 1953, na hakuachiwa mpaka Agosti 1961. Hansberry hakuliokota jina hilo njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliandikia gazeti la Freedom, lililohusishwa na mwimbaji Paul Robeson, na mapambano ya Waafrika ya kudai uhuru yalikuwa miongoni mwa habari alizozishughulikia. Ami yake, William Leo Hansberry, alifundisha historia ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Howard. Ningependa wanafunzi wako walijue hilo, kwa sababu mara nyingi tunafundisha kana kwamba habari zetu zilivuka bahari baada ya uhuru tu.

Ama kuhusu usasa, neno hilo katika tamthilia ya Kimarekani halihesabu miaka tu. Linahusu namna ya kutunga: sebule moja, watu wa kawaida, lugha wanayoizungumza kweli, na mgogoro unaotoka katika kodi ya nyumba na mshahara badala ya viti vya wafalme. Ndani ya sebule hiyo Hansberry aliweka sheria iliyokuwa hai. Mama Lena analipa dola 3,500 za kwanza kwa nyumba katika mtaa wa wazungu uitwao Clybourne Park, na mara anafika bwana mmoja mpole, Karl Lindner, aliyetumwa na wakazi wa huko kuinunua tena nyumba hiyo kwa bei ya juu ili familia isihamie. Msomaji anaweza kudhani huyo ni mtu wa kubuni tu. Lakini mwaka 1937 Carl Hansberry, baba wa mwandishi, alinunua nyumba katika mtaa wa Chicago ambao wamiliki wake walikuwa wamepatana kwa maandishi kutowauzia wala kuwapangisha Weusi. Umati ulikusanyika nje, tofali likarushwa ndani na kumkosa kidogo Lorraine, aliyekuwa mtoto mdogo, na mama yake alikesha akizunguka nyumba na bastola mkononi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ikashinda, ingawa kwa hoja ya kiutaratibu. Mapatano yenyewe yaliendelea kutumika kwingine hadi mahakama hiyohiyo ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama za nchi haziwezi kuyatekeleza.

Kwa darasa lako ningependekeza uanze na Lindner. Mpe mwanafunzi mpole kuliko wote nafasi hiyo, umkataze kabisa kukunja uso.

SWALI: Naitwa Mama Neema kwa jina la mwanangu wa kwanza, naishi Texas. Binti yangu mdogo anasomea uuguzi katika chuo cha miaka miwili, na amechaguliwa kuigiza Beneatha. Nimeyasoma maneno yake nikashtuka: anabishana na mama yake kuhusu Mungu mpaka anapigwa kofi, wifi yake anafikiria kutoa mimba, na nywele anataka azikate. Watu wa kanisani wamekwisha kununua tiketi. Nimkataze? Na mazoezi hayo ya kila jioni hayatamharibia masomo?

JIBU: Dada yangu, hofu yako ni ya mzazi anayejali, na umefanya vyema kusoma kabla ya kuamua. Ninakuomba usome tena ukurasa wa kofi, safari hii ukimfuata mama. Beneatha anasema amechoka kuona Mungu akisifiwa kwa yale ambayo binadamu wameyafanya kwa jasho lao. Mama Lena anamzaba kofi, kisha anamlazimisha atamke kwamba katika nyumba ya mama yake Mungu bado yupo. Hapo mwandishi haikejeli imani. Ameiweka mikononi mwa mwanamke mwenye nguvu kuliko wote jukwaani, na watu wa kanisani kwenu huenda wakamwitikia kwa sauti.

Ruth naye amekwisha kumlipa mwanamke fulani dola 5 za awali, kwa sababu haoni mahali pa kumlaza mtoto wa pili katika fleti ambayo Travis analala kwenye kochi la sebuleni. Jibu la Mama Lena ni kwenda kununua nyumba. Ukilikata hilo, ununuzi wa nyumba unabaki bila sababu, na mama huyo anaonekana kama mtu aliyekurupuka tu na pesa za marehemu.

Kuhusu nywele, muulizeni mwongozaji mapema. Sehemu ya Beneatha kutokea na nywele zake za asili iliondolewa kabla ya ufunguzi wa mwaka 1959, na matoleo ya baadaye yakairudisha. Toleo ambalo chuo kimelipia ndilo litakaloamua, na hata likiwa na sehemu hiyo, wigi huweza kutumika. Kichwa ni cha binti yako, na ana haki ya kusema ndiyo au hapana.

Katika suala la masomo sina wasiwasi mkubwa. Vyuo vya jamii, tangu cha kwanza cha umma kilichofunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, vimekuwa vya watu wenye kazi na familia, na ratiba za mazoezi kwa kawaida hupangwa jioni kwa kulijua hilo. Mara nyingi usaili huwa wazi hata kwa wakazi wa mji, hivyo utamkuta binti yako akiigiza na bibi aliyestaafu na baba anayetoka zamu ya ghala. Muuguzi anayejifunza kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho wa sentensi kabla ya kujibu hajapoteza jioni zake. Mwekeeni chakula tu, maana atarudi na njaa.

SWALI: Mwalimu, mimi ndiye ninayesimamia vifaa vya jukwaani katika onyesho la chuo chetu, Minnesota. Bajeti ni ndogo. Mwongozaji anataka mayai, pesa, hundi na mmea, nami naona ni vitu vidogo vinavyoweza kufanywa kwa karatasi na plastiki. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia hapohapo kwenye vitu vidogo, ndugu yangu, na ukuta wa mandhari ubaki hata bila rangi ikibidi. Tamthilia hii haina mapigano wala mizimu. Nguvu yake yote imo katika mambo ambayo mikono inafanya.

Tazama asubuhi ya kwanza. Ruth anamkaangia Walter mayai ya kuvuruga wakati Walter anamweleza ndoto ya duka, naye anachojibiwa ni ale mayai yake. Mayai yakiwa ya plastiki, jibu hilo linakuwa mzaha. Moto wa wazi utakataliwa na sheria za usalama za ukumbi, hivyo yapike nyuma ya jukwaa dakika chache kabla ya pazia, uyaweke kwenye kikaango chenye mfuniko, mvuke wake uonekane Ruth anapofunua.

Kisha pesa. Travis anahitaji senti 50 za shuleni, mama yake anakataa kwa kuwa hana. Walter, ili asionekane maskini mbele ya mwanawe, anampa senti 50, halafu anamwongezea senti 50 nyingine, na muda si mrefu analazimika kurudi mlangoni kumwomba mkewe nauli. Kila anayemwigiza Walter anahitaji kuusikia uzito wa kile anachokitoa. Sarafu za nusu dola bado zinapatikana kwa kuagiza benki. Chukua mbili za kweli, uzihesabu kila usiku baada ya onyesho.

Hundi nayo niliwahi kuiona ikiharibu sehemu nzima. Katika chuo kimoja bahasha ilikuwa na karatasi tupu. Mwigizaji wa Mama Lena alikuwa hodari, lakini Mama anapaswa kuitazama hundi na kumuuliza mjukuu kama idadi ya sifuri ni sawa, na macho ya yule mama hayakuwa na sifuri za kuhesabu. Sisi wa safu ya mbele tuliuona weupe wa karatasi kupitia mwanga wa taa. Ichapishe hundi: jina la Lena Younger, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini. Itakugharimu karatasi moja.

Mwisho ni mmea, nao usinunue wa plastiki hata ukipewa bure. Mama Lena anautunza kwenye dirisha dogo lisilopata jua la kutosha, na watu wote wakishatoka na mizigo, anarudi peke yake kuuchukua. Tafuta mmea hai kwenye chungu kidogo, uulete ukumbini siku ya kwanza ya mazoezi na uuweke palepale dirishani pa mandhari, chini ya taa. Mwigizaji wa Mama Lena aumwagilie mwenyewe, maji kidogo, kila anapofika kabla ya mazoezi. Kufikia usiku wa kwanza wa onyesho utakuwa mwembamba na umeinamia upande wa mwanga, na mikono yake itakuwa inajua pa kuushika.